Uvimbe Aliouficha Mama Dorika

Sisi wanawake wa Lyamkena, miaka ile ya Mwingereza, tulikuwa na Mama Dorika. Mwanamke akijifungua, mtu alitumwa kwake hata kabla uji wa mzazi haujaiva. Alikuja na jiwe lake la mtoni amelifunga kwenye kitambaa, pamoja na kichupa cha mafuta ya nyonyo. Jiwe lilipashwa moto, likaviringishwa kwenye majani, halafu akakukanda matiti taratibu huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani, mpaka maziwa yaliyogoma yashuke. Mimi alinikanda nilipomzaa Kristina. Nililia sana. Akaniambia, "Lia tu mwanangu, ila usinipige teke."

Alipendwa, na alipenda kupendwa. Kanisani nafasi ya karibu na dirisha ilikuwa yake, hakuna aliyeikalia hata akichelewa. Jumatano, baada ya sala ya akina mama, kibuyu cha togwa kilianzia kwake. Mumewe Elieza alizoea kutania kwamba ameoa chifu.

Mwaka ule watoto wa shule walipopewa bendera za karatasi kwa ajili ya Malkia mpya, jirani yetu Ema alifariki. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, na Mama Dorika alikuwa amemkanda kwa jiwe la moto msimu mzima. "Ni maziwa yaliyolala," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Uvimbe ukapasuka ukawa kidonda. Alipofikishwa hospitali ya misheni, daktari hakuwa na la kufanya. Wakasema ni kansa, na kwamba angeletwa mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo, huenda wangemsaidia.

Hakuna aliyemnyooshea Mama Dorika kidole. Lakini Mchungaji Yoramu aliiomba hospitali ituletee mtu wa kutufundisha, wakamleta Letisia, muuguzi wao kijana.

Alikuwa binti wa upande wa Tandala, Mkinga, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani kimepigwa pasi hadi kikasimama. Tulijifungia kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, wanaume tukawafukuza. Akatoa donge la ugali uliopoa, ndani yake amefukia njegere moja, akatuambia tuitafute kwa vidole vilivyolala, bila kufinya. Donge likapita mkono kwa mkono, tukicheka kama wasichana. Beatrisi alipoipata njegere alipiga kigelegele. Kisha Letisia akatufundisha kujipapasa wenyewe hivyo hivyo, kila mwezi, kuanzia kwapani.

"Kamwene, mwalimu," wanawake wakaanza kumsalimu njiani. Mwalimu! Kibuyu cha togwa Jumatano iliyofuata kikaanzia kwa Letisia. Binti mwenyewe alikipeleka kwa Mama Dorika kwa mikono miwili, lakini Mama Dorika akakataa. "Sina kiu," akasema, na midomo ilikuwa imemkauka.

Miaka mingi baadaye alitusimulia mwenyewe jinsi alivyoumia. Alisema wivu ule ulikuwa kama kumeza kaa la moto halafu kuambiwa utabasamu. Akisikia wanawake wanacheka kisimani, alijua wanacheka na Letisia. Akipita kwa Beatrisi na kukuta donge la ugali limewekwa dirishani kwa mazoezi, alitamani kulitupia kuku.

"Hajazaa yule," alituambia siku moja tukipalilia viazi. "Hata ndama hajamnyonyesha. Ndiye wa kunifundisha mimi matiti?"

"Lakini Mama Dorika, ile njegere wewe mwenyewe uliikosa," Beatrisi akamchokoza.

"Mimi sikandi ugali. Nakanda watu!"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Kitu tusichokijua ni kwamba Mama Dorika mwenyewe alikuwa na uvimbe, titi la kushoto, upande wa kwapa. Aliuona kabla hata Letisia hajaja. Alijiambia ni maziwa ya Anania, kitindamimba wake, aliyemwachisha kunyonya ghafla alipougua. Anania wakati huo alikuwa kijana anayechunga ng'ombe. Kila jioni Mama Dorika alijikanda kwa jiwe lake, na uvimbe haukuuma wala haukusogea. Alimkumbuka Ema, akaogopa. Lakini kwenda kwa Letisia! Kumvulia blauzi mtoto yule aliyemchukulia wanawake wake! Alisema aliona afadhali afe.

Basi wivu ukamwonyesha njia nyingine. Jumatano moja Letisia alisema anahitaji mtu wa kulala mkekani ili atuonyeshe mkono unavyopita kwenye mwili wenyewe. Tuliona haya, kila mmoja akatazama miguu yake. Beatrisi akaanza kuinuka. Hapo Mama Dorika akasimama.

"Keti wewe. Nitalala mimi."

Tulifurahi tukidhani amelainika. Kumbe ulikuwa mtego. Aliwaza hivi: mtoto huyu atapapasa mbele ya wanawake wote, hataona kitu, nami nitasema, na kitambaa chake cheupe kitamwanguka. Ndivyo alivyowaza, akiwa na ugonjwa mwilini mwake. Mungu ni mvumilivu.

Letisia alipiga magoti. Alianza titi la kulia, akieleza. Akaja la kushoto, bado anaeleza, vidole vinazunguka. Karibu na kwapa sauti yake ikakatika kidogo, kama mtu aliyemeza mate. Kisha akaendelea, akamaliza, akamfunika Mama Dorika kwa khanga yake vizuri.

"Asante sana, mama. Mungu akubariki. Nitakusindikiza nyumbani leo, tuzungumze kidogo."

Mama Dorika aliinuka, macho yanawaka.

"Mmeona? Mmeona mwalimu wenu?" Alifungua khanga mbele yetu sote, akajishika pale. "Nina uvimbe hapa! Mgumu kama jiwe! Amepita juu yake kama mtu anayefuta meza. Njegere anaijua, mtu hamjui!"

Letisia alikuwa bado amepiga magoti, machozi yanamtoka.

"Nimeuona, mama," alisema. "Niliuona mara ya kwanza tu. Nilitaka nikwambie tukiwa wawili, nisikuaibishe."

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Hasira ilimtoka, na chini yake kulikuwa na hofu tupu. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeamka na kujikuta amesimama sokoni bila nguo. Sasa tulijua sote. Hakuwa na mahali pa kuuficha tena.

"Ni maziwa ya Anania tu," akasema kwa sauti ndogo.

"Labda si kansa, mama," Letisia akasema. "Siyo kila uvimbe. Daktari ndiye atakayejua. Lakini twende."

"Kesho kutwa. Nina viazi shambani."

"Viazi vyako tutavipalilia sisi," Beatrisi akasema. "Kuku nawachukua mimi. Na hilo jiwe lako nalichukua, usije ukajikanda tena."

Tungekuwa hatujui, angerudi kwenye jiwe lake, alikiri mwenyewe. Lakini kesho yake tulikuwa mlangoni kwake kundi zima na kapu la chakula. Tulimsindikiza hadi barabarani Makambako, tukasali, tukasimamisha lori la magome ya miti ya miwati lililotoka Njombe. Dereva alipoona kitambaa cheupe, akamfungulia Letisia mlango wa mbele.

"Mgonjwa ni nani hapa?" Mama Dorika akauliza. "Mwalimu akae juu ya magome."

Letisia akapanda juu ya magome, akashika mzigo. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake tukacheka.

Ilikuwa kansa. Daktari alitoa titi lote, na Mama Dorika alikaa kule mpaka viazi tulivyompalilia vikawa tayari kuchimbwa. Alirudi amekonda, bega moja limeshuka. Elieza alimpokea barabarani na hakutania chochote. Alimbebea kapu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulifanya mbele za watu.

Aliishi. Alinikanda tena nilipomzaa Lameki, lakini kabla ya kupasha jiwe alinipapasa kwanza kwa vidole vilivyolala, kuanzia kwapani.

Na wivu? Bwana hakuuondoa wote. Walikwenda pamoja sharika nyingi, hadi Lupembe, Letisia na donge lake la ugali, Mama Dorika na kovu lake. Alipolifunua, wanawake walinyamaza, na yeye aliufurahia ukimya ule, maana ulikuwa wake. Ila wakianza kumsifu Letisia kwa kumwokoa, alikatiza.

"Sikilizeni. Uvimbe huu niliuona mimi kwanza. Yeye alikuwa wa pili."

"Ni kweli, mama," Letisia alijibu kila mara. "Mimi nilikuwa wa pili."

Na Mama Dorika alinyoosha mkono, akapokea kibuyu cha togwa kabla yake.