Fundi wa Same anayeshona nguo zisizo na vifungo

Saa tatu na nusu asubuhi, mafundi wenzake walio jirani na soko la Same wameshashona nusu ya kazi za siku. Ikupa Mgonja ndiyo kwanza anafungua chumba chake cha kazi. Anausukuma mlango kwa kiwiko. Anamimina maji ya moto kwenye beseni, anayapoza kidogo, kisha anazamisha mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mama Yona. Gauni langu tayari?" anauliza msichana aliyesimama mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Pita saa nane. Mikono bado haijaamka."

Msichana anacheka na kwenda zake. Wateja wa hapa wamezoea. Baada ya dakika kumi Ikupa anajifuta maji, anafumba na kufumbua vidole, halafu anaketi kwenye cherehani. Mguu unakanyaga, kitambaa kinapita chini ya sindano, na mshono unatoka umenyooka.

Ikupa ana umri wa miaka 46. Ameshona kwa miaka 22, na minane kati ya hiyo ameshona akiwa na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwili huohuo.

"Jina lenyewe linatudanganya," anasema. "Watu wakisikia baridi, wanasema vaa sweta. Mimi nimezaliwa Bombo, huko juu milimani. Kama ni baridi, ingenimaliza utotoni!"

Maumivu yalianzia vidoleni. Alidhani ni mkasi. Kisha vifundo vya mikono vikavimba, vyote viwili kwa pamoja, na kila alipoamka viungo vilikuwa vimekakamaa kwa saa mbili nzima. Jirani mmoja alisema ni uzee. Mwingine alimtaka akachanjwe chale. Yeye alinunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa na kuvimeza kila siku, hadi tumbo nalo likaanza kuuma.

Akaacha kazi. Kwa miezi minane cherehani ilikaa kwenye kona ya chumba, imefunikwa kanga.

"Niliposikia ya jirani ikilia, nilikuwa natoka nje," anakumbuka. "Nilikuwa sitaki kuisikia."

Mumewe, Erasmo, ndiye aliyesisitiza waende hospitali mjini Moshi. Huko alipimwa damu, na daktari akamweleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia: ugonjwa huo hauponi, lakini unatulizwa. Alianzishiwa dawa inayomezwa mara moja tu kwa wiki, akaambiwa arudi kupimwa damu kila baada ya muda, ili dawa isije ikamdhuru ini.

Baada ya miezi mitatu alikuwa anashika mkasi tena. Baada ya mwaka alijiona mzima, na hapo ndipo alipokosea. Aliacha dawa bila kumwambia mtu.

"Nilijiambia, mbona nimepona? Wiki ya sita nikashindwa hata kunyanyua kikombe. Na kidole hiki," anasema, akinyoosha kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichopinda upande, "hakikurudi. Hilo ni kosa langu mwenyewe, simlaumu mtu."

Alirudi kwenye dawa, na maumivu yakashuka. Lakini asubuhi zilibaki ngumu. Fundi aliyewashonea watu mamia ya vifungo alikuwa hawezi kufunga vya kwake. Kila siku kabla ya kwenda shambani, Erasmo alimfunga blauzi, kimoja baada ya kingine.

Miaka minne iliyopita, Erasmo alikwenda Mwanga kwenye msiba. Siku hiyo Ikupa alitakiwa kliniki mapema. Alihangaika na blauzi mpaka jasho likamtoka, akashindwa. Akajifunga kanga juu ya blauzi iliyo wazi na kuondoka hivyohivyo. Muuguzi alipomwomba aitoe kanga ili apimwe presha, Ikupa alilia.

"Muuguzi alinifunga vifungo vyote taratibu, kama mama. Nilimshukuru, lakini moyoni nilisema, hii ni mara ya mwisho."

Jioni hiyo alikata vifungo vya nguo zake zote. Akafumua begi kuukuu la shule la mwanawe Yona, akatoa utepe wa kunata, ule unaofungwa kwa kugandamiza tu, akaushona kwenye blauzi. Kwa nje alirudishia vifungo kwa urembo tu, ili mtu asijue. Erasmo aliporudi alimkuta mkewe amesimama mbele ya kioo, anafunga na kufungua.

"Nikamuuliza, sasa mimi kazi yangu nini?" anasimulia Erasmo huku akitabasamu. "Akaniambia, Baba Yona, wewe chemsha chai."

Mteja wa kwanza alikuwa Mwanahalima, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bendera, ambaye mama yake alipooza upande mmoja baada ya kiharusi. Aliiona blauzi hiyo, akaishika, akauliza inafungwaje.

"Mama alikuwa anakataa kutoka nje kwa sababu ya kuvalishwa," anasema Mwanahalima. "Nilipompelekea gauni aliloshonewa hivyohivyo, alivaa mwenyewe kwa mkono mmoja. Akaniambia nimpeleke kwa shangazi, wakamwone."

Habari zikaenea. Leo Ikupa hushona hadi nguo 25 za aina hiyo kwa mwezi, na zimekuwa zaidi ya nusu ya kazi yake. Wateja ni wazee, waliovunjika mikono, na wenye ugonjwa kama wake. Fundi mitambo Abdulmalik amemfungia mota kwenye cherehani ya pili, kwa siku ambazo magoti nayo yanagoma. Mkasi ameuzungushia mpira laini kwenye mishikio. Ikifika saa kumi anafunga, hata kama kazi imebaki.

"Nikilazimisha leo, kesho silimi wala sishoni. Nimejifunza kuheshimu mwili wangu. Maumivu yapo, hata sasa tunavyoongea yapo. Ila hayanipangii tena siku yangu."

Mwezi ujao atapanda Bombo kwa wiki nzima. Ameomba nafasi kwenye zahanati siku ya kliniki, ashone nguo palepale barazani na kuzungumza na wanawake watakaokuja. Anawajua baadhi yao, wanaoficha vidole vilivyovimba ndani ya kanga na kusema ni jembe.

"Nguo nitawashonea, hiyo si kazi," anasema. "Ninachotaka ni wakapime mapema, kabla kidole hakijapinda. Nikimpata hata mmoja akapanda gari kwenda Moshi, huyo ataendelea kulima shamba lake na kujivalisha mwenyewe. Huenda asihitaji kabisa nguo zangu. Mteja wa hivyo nitafurahi kumkosa."