Magoti ya Fundi Baiskeli

Bibi wa benchi la tatu anamjua fundi baiskeli kwa magoti. Kila Jumapili, watu wakiinuka kwenda kupokea komunyo, fundi hubaki ameketi na mkewe, huyakunja pembeni magoti yake marefu na kumpa bibi mkono wenye weusi wa grisi ajishikilie. "Pita, mama." Mahakama ilishampa talaka zamani, akaoa tena kwa ndoa ya serikali, lakini Kanisa lilikuwa bado linaichunguza ile ndoa ya kwanza, na hadi liamue hakuruhusiwa komunyo. Bibi akiuliza mambo yamefika wapi, hucheka kicheko cha kukwaruza kama mnyororo usiotiwa mafuta. "Bado wananihoji, mama. Hata baba mkwe hakunihoji hivi."

Leo bibi anainuka apite, magoti hayapo. Fundi amesimama, kucha kazisugua mpaka zinang'aa, kamshika mkewe mkono. "Wamesema ile ya kwanza ilikuwa batili," ananong'ona, meno yote nje. "Jana padre katufungisha ndoa." Kisha, kwa mazoea tu, anajibana pembeni ampishe. Bibi anarudi kuketi, anayakunja taratibu magoti yake yanayouma.

"Pita, mwanangu. Leo nakupisha mimi."