Kadi ya Golikipa

Mwanangu, kuna Alhamisi moja ya mvua naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu anisamehe huko aliko. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwezi wa tano tangu nitoke Lubumbashi kuja kusoma Ubelgiji, na nilikaa mtaa wa Schaerbeek kwa tonton Kazadi, mdogo wake baba. Ukiniona leo nakaa kwenye kiti hiki nawakemea ninyi wote, usidhani nilizaliwa na akili. Siku ile nilifanya ujinga kwa nia njema kabisa, halafu nikauficha, na huko kuuficha ndiko ninakotaka kukusimulia.

Tonton alikuwa winga wa kulia wa timu ya mji wetu msimu ule ilipochukua kombe la Afrika. Kiwanda kimoja cha biskuti kikachapisha kadi za wachezaji, picha moja ndani ya kila pakiti, na nasikia mwaka ule hata watu wazima walikula biskuti kama watoto. Tonton alikuwa nazo zote, kazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Wachezaji wenyewe walijiwekea desturi: mmoja wao akifa, kadi yake inazunguka kwa wenzake walio hai, kila mmoja anaandika nyuma neno lake kwa marehemu, kisha inapelekwa kwa familia, inasomwa mbele ya watu siku ya kuondoa matanga.

Basi akafa golikipa, Papa Ilunga, kule Lubumbashi. Na hapo pana jambo. Miaka mingi nyuma tonton ndiye aliyesema hadharani kwamba Ilunga aliuza mechi. Baadaye akaja kujua kwamba haikuwa kweli, lakini aliona aibu kuyafuta maneno yake, na yule mtu akazeeka na kuzikwa watu wakimwita muuza mechi. Binti yake, Odette, alikuwa akisoma Liège. Jumapili angepita kwetu kuchukua kadi, jioni apande ndege.

Jumatano tonton akaitoa kadi ya Ilunga kwenye kopo, akaniita. "Feza, mugu hii haikubali tena kupanda ngazi za batu. Weye utaizungusha carte. Mon père aandike, Numbi aandike, donc miye nitaandika wa mwisho. Hapa chini uniachie nafasi." Akatazama dirishani. "Nitaandika: nilimusingizia. Batu yote basikie."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma habari, na mimi nikaitikia tu ndiyo tonton, ndiyo tonton, akili yangu ikiwa kwenye viatu vyangu vilivyokuwa vinavuja.

Alhamisi asubuhi nikaanza mtaa wa Koekelberg, kwa huyo mon père, padri mmoja mzee, Mbelgiji, aliyekuwa akiisindikiza timu msimu ule. Kiswahili chake cha Katanga kilikuwa kinanishinda mimi. Akaandika taratibu, akanipa kahawa. Mchana nikaenda kwa Papa Numbi, aliyekaa karibu na uwanja wa Flagey. Huyo aliandika huku analia, na wino ulikuwa haujakauka vizuri nilipotoka. Mvua ikanikuta uwanjani pale, katikati ya meza za soko. Nilipoifungua bahasha niliyoitia kadi, herufi mbili za Papa Numbi zilikuwa zimeanza kutambaa.

Sasa nielewe, mwanangu. Kwetu karatasi ya maana ilitiwa plastiki. Cheti cha ubatizo, plastiki. Diploma ya kaka, plastiki. Mama yangu aliitia plastiki hata picha ya daktari aliyemzalisha. Kwa hiyo nilipoliona duka la kutoa kopi, sikufikiri mara mbili. Yule kijana akaiingiza kadi kwenye mashine, ikatoka upande wa pili moto, ngumu, inang'aa. Nikajiona nina akili kuliko wote waliokuwa Flagey siku ile.

Nilikuwa nimekwisha kukaa ndani ya basi nilipoigeuza, nikaiona ile nafasi nyeupe chini. Nafasi ya tonton. Nikachukua kalamu nikajaribu kuchora kidogo tu pembeni. Kalamu ikateleza, wino ukajikusanya juu kama jasho, nikaufuta kwa kidole na haukubaki hata alama.

Nilipofika nyumbani tonton akauliza, "Bon, beshaandika bote?" Nikasema wameandika, lakini wino bado haujakauka, nitakupa kesho. Uongo wa kwanza huo. Ulitoka mdomoni mwangu laini kabisa, na nikala chakula chote.

Ijumaa nikachukua wembe, nikajifungia chooni, nikajaribu kuinua plastiki kwenye kona. Karatasi ikachunika pamoja nayo, nikaacha. Tonton akauliza tena. Nikasema kadi nimeisahau kwa rafiki shuleni. Jumamosi nikasema rafiki hayupo, ataileta Jumapili kanisani. Kila nikisikia fimbo yake kwenye korido, roho ilikuwa juu. Sikulala, sikula, nikawa nafua nguo zilizo safi ili tu nisikae naye sebuleni. Na yeye, maskini, alidhani naumwa, akanichemshia chai ya tangawizi. Mara nne nilifungua mdomo nimwambie. Mara nne nikamwuliza kama anataka sukari.

Unajua nilikuwa nangoja nini? Hata mimi sijui. Nadhani nilitarajia Odette asije.

Odette akaja, saa nane mchana, na gauni jeusi. Papa Numbi akaja, na wazee wengine wanne, mashabiki wa timu tangu zamani. Tonton amevaa suti, ameweka kalamu mpya mezani, amevaa miwani. Akanyoosha mkono. Nikampa.

Akaigeuza. Akapitisha kidole juu yake. Akaondoa kifuniko cha kalamu akajaribu kuandika. Ikateleza. Akajaribu tena kwa nguvu. Wazee wote wanamtazama. Mimi nilisimama mlangoni, nilitamani sakafu inimeze.

Odette, mtoto mwenye adabu, akasema polepole, "Tonton, uniambie tu kwa kinywa. Nitaifikisha."

Tonton akafungua kinywa. Akawatazama wazee, mmoja mmoja, waliomsikia zamani akimsingizia Ilunga. Alikuwa amejiandaa kuandika kimya kimya, mwanangu, hakuwa amejiandaa kusema. "Bon," akasema. "Nitamwandikia maman yako barua." Akaifunika kalamu.

Odette alipoondoka na kadi nikapiga magoti nikamwambia yote, tangu Flagey. Nilidhani atanipiga. Hakuniinulia hata fimbo. Kisha akasema, "Mon père iko na carte zote kama miye. Ya Ilunga pia. Jeudi ile ya mvua ungeniambia, vendredi angetupatia yake, samedi Numbi angeandika upya. Siku tatu, Feza. Na chai nilikuwa nakuchemushia."

Barua aliiandika. Ilimchukua majuma matatu, ameichana mara ngapi sijui. Matanga yakaondolewa kabla haijafika. Kadi ikasomwa mbele ya ukoo na majirani, neno baada ya neno, na walipofika chini hapakuwa na kitu, na watu wakatazamana wakaelewa walivyoelewa: hata Ilunga akiwa kaburini, Kazadi bado anasema aliuza. Mjane akajibu kwa mistari miwili. "Barua yako imefika, shemeji. Nimeisoma peke yangu, batu bote bameisha kuenda."

Mwanangu, plastiki nimejisamehea zamani. Hata wewe utatia plastiki yako mahali, huwezi kuishi bila kuharibu kitu cha mtu. Ninachokuomba ni hiki: ukiharibu, nenda siku ileile. Usingoje ujue la kusema. Nenda na sauti inayotetemeka, nenda kabla hujanawa mikono, mwambie mwenyewe, kwa sababu yeye anajua dawa usiyoijua. Mimi niliogopa hasira ya mzee mmoja, nayo ingekwisha kabla ya chakula cha jioni. Kwa kuiogopa nikamnyima mjane siku yake ya kusikia mume wake akisafishwa mbele ya watu, na siku hiyo sina ninapoweza kuinunua.

Basi nenda. Mungu akupe miguu ya kukimbilia unaowakosea, akuweke kwa watu wenye subira ya kukusikiliza, na hicho unachonificha tangu juzi, akupe nguvu ya kuniambia leo.