Nilivyomwacha mzee peke yake na mkamwana wake kwenye simu ya kompyuta

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wale mnaokunywa chai na wale mlio ofisini mnaojifanya mnafanya kazi, wote nawasalimu.

Hii sijasoma mahali wala sijahadithiwa. Nilikuwepo, na kidole kilichobonyeza ni hiki changu. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana watu wa Nyansiongo wanajuana kupita kiasi.

Juzi kuna mtu alianzisha uzi hapa akisifia app yake, ati hata usipokuwa online, call inakufuata popote ulipo. Vijana mkajaa pale kushangilia. Mimi niliweka simu chini nikaenda kusonga ugali, na ukaniungulia nikiwa nimesimama hapo hapo. Ndiyo maana leo naandika.

Turudi mwishoni mwa miaka ya tisini, Kisii town.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Ikonge, nina cheti changu cha typing na mdomo mrefu. Nilikuwa nimeajiriwa na Muhindi mmoja, tumwite Bwana Kirit. Mbele ni duka la vitabu na vifaa vya shule. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta tatu, na moja tu ndiyo ilikuwa na intaneti.

Nyinyi bundle ikiisha mnalia. Sisi tulikuwa tunasubiri modem ipige kelele dakika tano, halafu inakata, unaanza upya. Na waya ulikuwa mmoja. Ukiwa kwenye intaneti, mtu akipiga simu ya duka anakuta iko bize.

Humo kwenye kompyuta kulikuwa na programu ya kuchati. Unaandika hapa, mtu wa ng'ambo anajibu. Jina lake likiwa na taa ya kijani, yupo. Ikiwa nyekundu, hayupo. Na ukivaa headphones, ukawa na mic, mnaongea kabisa kwa sauti. Wakati huo uchawi huo ulikuwa haujafika hata kwa wakubwa wengi wa mji.

Mteja wangu wa kudumu alikuwa Mzee Nyamwange. Mfugaji wa Nyansiongo, mkewe alishatangulia, mabinti wanne wote wameolewa. Kijana alikuwa mmoja tu, Evans, ambaye alikwenda Amerika kusoma akapata kazi akabaki huko. Baadaye mkewe akamfuata. Huyo ni Kemunto, msichana wa Gesima, ng'ombe wake wa mahari walitoka wote na harusi ilifanyika.

Kila Jumamosi saa tisa mchana mzee alikuwa anafika na koti lake na kofia yake. Huko kwa Evans ni asubuhi mapema. Mzee anavaa headphones anapiga makelele hadi Bwana Kirit anasema kutoka mbele, "Mzee, Amerika imesikia! Sasa punguza, na Tanzania pia inasikia!" Mzee anacheka. Wanaongea habari za ng'ombe gani amezaa, mahindi yamefika wapi, nani kafa. Akitoka hapo anatembea kama kijana.

Evans asipokuwepo, Kemunto ndiye alikuwa anakaa kwenye kompyuta. Hapo hawaongei kwa sauti. Kemunto ananiandikia mimi, mimi nasomea mzee. Mzee anajibu, mimi naandika. Nilikuwa katikati, na hakuna aliyelalamika.

Kwa wageni nieleze kidogo. Kwetu Kisii kuna heshima tunaiita chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja. Kusalimiana kwa mbali sawa. Lakini mambo ya mwili, ya kitanda, ya nani kalala wapi, hayo hayatajwi kati yao hata kwa kuzungukazunguka. Kukiwa na jambo kama hilo, anatafutwa mtu wa kulibeba, analipeleka upande wa pili.

Mimi hayo nilikuwa nayajua tangu niko mdogo. Sitajitetea kwamba sikujua.

Sasa ile programu ikaongezewa kitu kipya. Forwarding. Kama huko kwenye kompyuta yako hakuna mtu, call inaruka yenyewe kwenda namba ya simu uliyoandikisha. Nilipoisoma nilifurahi kama ni mimi nimeivumbua. Nikamwandikia Evans: weka namba ya nyumba yako, mzee asiwe anatoka Nyansiongo bure. Akaweka. Tangu siku hiyo taa yake ikawa ya kijani wakati wote, awepo asiwepo.

Jumamosi ya pili baada ya hapo, mzee akafika kama kawaida. Nikabonyeza. Ikaita, ikaita, nikasikia imeruka. Nikamvisha headphones nikijisifu, "Leo hata akiwa jikoni utampata."

Mzee akasema, "Evans?"

Halafu nikamwona amekauka. Akatoa headphones, akanipa. "Ni mke wa Evans. Chukua wewe."

Wakuu, mimi nilicheka. Nikamwambia, kwa lile la kwetu la kumwita baba, "Tata, si hakuoni! Ni waya tu. Ongea."

"Mwanangu, chukua."

"Tata, hii ni dunia mpya. Ongea na mkamwana wako, hakuna dhambi." Nikamrudishia masikioni, kwa mkono wangu. Nikatoka, nikavuta pazia. Kulikuwa na mwalimu anataka photocopy za mtihani, kweli, lakini mwalimu angeweza kusubiri. Nilitaka tu nionekane mtu wa kisasa mbele ya Bwana Kirit. Nikasema nimewapa faragha.

Ile mashine ya photocopy ilikuwa inanguruma, sikusikia kitu. Haikufika dakika tatu pazia likafunguka.

Nikamuuliza, "Umempata?"

"Hayupo."

"Ameenda kazini mapema?"

Akaweka kofia kichwani. "Mwanamume asipokuwa nyumbani kwake alfajiri, na mke wake akose la kusema, baba yake aulize nini tena?"

Akaondoka. Koti lake alilisahau kwenye kiti, ikabidi nimkimbilie nalo hadi barabarani. Nilielewa anachofikiri: kijana wake analala nje, ameshamwacha yule msichana wa watu. Na kwa heshima ile, hakuweza kumuuliza mkamwana hata neno moja la kufuatilia. Mimi nikaona ni vituko vya wazee. Nikasema atapoa.

Hakupoa.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nyingine hakuja. Nilikutana naye sokoni akinunua chumvi ya ng'ombe, nikamwambia, "Tata, Evans yuko online kila Jumamosi. Taa yake naiona inawaka."

Alisema, "Akinitaka anajua nilipo. Mimi sitamfuata mtoto akanidanganye."

Ningeweza kumvuta mkono pale pale. Ningeweza kubonyeza mwenyewe, nimuulize Evans kulikoni. Sikufanya. Nilisema ya familia za watu hayanihusu. Mchana wote wa Jumamosi nilikuwa nakaa kwenye hiyo intaneti, na kusema ukweli nilikuwa nachati na kaka mmoja wa Mombasa aliyeniahidi ndoa. Naona jina la Evans pale pembeni, kijani. Nasema moyoni, huyu mzima kabisa, anakula maisha.

Zikapita Jumamosi tano.

Jumanne moja asubuhi simu ya duka ikalia. Bwana Kirit akasema, "Zipora, ni wewe wanataka." Nikashika. Sauti ya mwanamke, imekauka.

"Zipora, ni Kemunto. Evans ametuacha."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka aliniambia nisimwambie baba, niende nimtafute mdogo wake mzee ndiye amwambie. Bwana Kirit alinitazama usoni, akafunga duka asubuhi hiyo, akanipeleka Nyansiongo na gari lake mwenyewe. Tukampata mdogo wake mzee, yeye akaingia kumwambia. Nilikaa kwa geti, sikuingia. Nilisikia mabinti waliokuwa hapo wakianza kulia, sauti ya mzee sikuisikia.

Maiti ilichukua muda kufika. Tukazika. Siku ya tatu baada ya mazishi Kemunto akaniita nyuma ya jiko, tukakaa juu ya magogo ya kuni.

Akaniambia yote.

Siku ile nilipobonyeza, Evans alikuwa na siku mbili hospitalini. Ugonjwa ulikuwa sehemu za siri za mwanamume. Ndiyo hilo Kemunto alikuwa nalo mdomoni, na aliyekuwa anamsikiliza ni baba mkwe wake.

"Nilimwambia Evans hayupo. Akaniuliza, ametoka saa hizi? Nikanyamaza. Ningesemaje, Zipora? Nikamwambia, baba, niitie Zipora. Nikarudia tena, niitie Zipora."

Nikamuuliza mzee alisema nini.

"Alisema, 'Amekataa.'"

Wakuu, naomba mnivumilie, hapa huwa nasimama kwanza.

Mtauliza mbona hakuniandikia baadaye. Evans alimkataza. Alisema mambo ya mwili wake hayatapita kwa msichana wa kompyuta, baba atayasikia kwa mdomo wake yeye mwenyewe. Mtauliza barua. Kemunto aliandika tu kwamba Evans anaumwa, na ikafika mzee akiwa ameshavaa nguo za kilio.

Walichofanya ni hiki. Evans alimwelekeza mkewe aingie kwenye ile programu abadilishe namba ya forwarding. Akatoa ya nyumba, akaweka ya simu iliyokuwa kando ya kitanda hospitalini. Hiyo simu ilikuwa ya kupokea tu, kupiga nje ya nchi haikubali.

"Kila Jumamosi asubuhi alikuwa ananiambia nimwinue kwenye mito, nimnyoe ndevu," Kemunto akasema. "Nikamwambia, kwani baba atakuona? Akasema acha tu, nataka kuongea naye nikiwa msafi. Anakaa hivyo hadi anachoka. Jumamosi mbili za mwisho nilikimbia nyumbani kupiga simu ya duka, ili baba aitwe kama yupo. Bize. Napiga tena, bize."

Ilikuwa bize kwa sababu ya nani, nyinyi mnajua. Sikumwambia. Nilimshika mikono nikalia, akadhani namlilia mume wake, akaanza kunibembeleza yeye mimi. Mwanamke amezika mume siku tatu zilizopita, ananibembeleza mimi!

Basi. Hiyo ndiyo sehemu watu wachache wanaijua. Inayobaki hapa sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu.

Miezi kadhaa ikapita. Kemunto akarudi kwao kwanza, baadaye akarudi Amerika. Jumamosi moja nikamwona mzee amesimama mlangoni kwa Bwana Kirit. Bwana Kirit akatoka nyuma ya kaunta akamletea kiti, akamwagizia soda. Mzee hakuigusa.

Akaja nyuma ya pazia. Akaitazama ile kompyuta, ilikuwa imezimwa.

"Mwanangu," akasema, "zile Jumamosi ambazo sikuja. Uliniambia sokoni taa yake inawaka. Nataka uniambie vizuri, maana mimi hii mashine siielewi. Ile taa maana yake alikuwa ananitafuta, ama ilikuwa inajiwakia tu?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa najua mambo ya mito, ya ndevu, ya simu kando ya kitanda. Yote yalikuwa kichwani kwangu.

Nikafikiri, nikimwambia alimsubiri, huyu mzee atajua kijana wake alikufa akingoja simu ambayo yeye alikataa kuja kupiga. Nilijiambia nitamuua. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba angeniuliza kwa nini siku ile nilikataa kuchukua headphones, na nilimwogopa.

Nikamwambia, "Ilikuwa inajiwakia tu, tata. Ni mashine."

"Hata siku moja hakuwa yeye?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hakunitafuta," akasema. Akashukuru, akaondoka.

Aliishi kama miaka miwili zaidi. Binti yake mkubwa aliniambia kwenye mazishi yake kwamba mzee alikataa jina la Evans lipewe mjukuu wa kwanza aliyezaliwa baada ya hapo. Na nyinyi mnaojua kwetu mnajua mtoto hupewa jina la marehemu wa nyumba, na kulikataa si jambo dogo. Walimsihi. Aliwajibu, "Aliondoka bila kuniita, mimi nimwite wa nini?"

Kumbe aliitwa Jumamosi tano.

Wakuu, somo langu ni fupi. Simu inaweza kuruka kutoka mashine hadi mashine ikamfuata mtu hadi kitandani, lakini kuna maneno lazima binadamu ayabebe. Mtu akikupa headphones akakuambia chukua wewe, chukua. Na ukiulizwa ukweli na mtu mwenye haki nao, usijifanye unamhurumia kumbe unajihurumia mwenyewe.

Kemunto yuko hai. Yule mjukuu sasa ni mtu mzima, ana jina lingine. Kuna siku nashika simu nataka niwaambie wote ukweli, halafu naona nitakuwa natafuta tu kulala vizuri.

Nyinyi mngefanyaje? Niandikieni hapa chini, hata ya kunitukana nitasoma. Ila yule atakayeniambia "ilikuwa zamani, sahau," tafadhali apite tu.