Tovuti Nne, Akaunti Moja

Mjukuu wangu wa kike anatengeneza tovuti hapa Garsen. Alikuwa nazo nne: ya kanisa, ya hoteli, ya wauza maembe, na yetu sisi kina mama wa mikeka wa kijiji cha Hewani. Yetu ndiyo ilikuwa na picha za mikeka iliyosukwa na wazee waliokufa. Mikeka yenyewe mafuriko yalishaichukua.

Zote alizipangia akaunti moja kwa wenye mitambo ya kuhifadhi tovuti, na ushauri ulikuwa wangu, jamani! Nilimwambia, "Mto ukijaa si sote tunaweka mbegu juu ya dungu moja? Na wewe ziweke pamoja." Akacheka, akafanya.

Juzi virusi vikaingia tovuti ya hoteli. Wenye mitambo wakafuta akaunti nzima.

"Si una nakala, mke mwenza?" nikamtania kama kawaida yetu.

"Zilikuwa humo humo, bibi."

Kina mama wanakuja niwaonyeshe mitindo ile ya zamani. Mimi napiga domo, nawachekesha weee, lakini nikishika ukili wa mkeka mkononi sikumbuki mtindo unaanzia wapi.