Alama Iliyopotea Kati ya Saa Mbili

Adelaïde alikuwa fundi wa redio na sola pale Mweso, mashariki mwa Kongo; elektroniki alisomea Goma. Mwaka jana alibuni kisanduku cha kulinda watoto wachanga: upande mmoja unapima oksijeni ya damu, upande wa pili unapiga kengele ikishuka. Alitengeneza viwili, kimoja cha kituo cha afya cha Kashuga, kingine cha Walikale.

Jumatatu asubuhi Damascène, muuguzi wa Kashuga, akampigia simu.

"Dada, mutoto wa Mama Béata alianza kugeuka bluu, na masini yako iko kimya tu!"

"Anaishi?"

"Anaishi. Nilimuona kwa bahati. Kuya haraka."

Akapanda pikipiki hadi Kashuga. Alimkuta Béata amemkumbatia mtoto, akamgeuzia mgongo. Afadhali angemtukana.

Akarudi Mweso na kisanduku, akaupima mchoro wake wa saketi kwenye kompyuta. Kila jaribio lilifaulu. Hapo hofu ikamzidi: kosa lisiloonekana utalirekebishaje?

Siku ya tatu akaliona. Kila upande ulikuwa na saa yake ya umeme, inayopiga mapigo ya kuuongoza, lakini kwenye majaribio ya kompyuta alizianzisha pamoja, zikapiga kwa mpangilio. Katika kisanduku chenyewe kila saa ilikwenda zake. Upande wa kupima, wenye saa ya mbio, ulituma alama fupi ya hatari mara moja tu. Upande wa kengele, wenye saa ya polepole, wakati mwingine ulipotazama, alama ilikuwa imeshapita.

"Mungu wangu! Walikale!"

Barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Simu haikushika mtandao. Akapanda kilima, akapiga na kupiga, hadi alasiri muuguzi wa huko, Carmel, akapokea.

"Mama Carmel, usiamini kile kisanduku. Kinaweza kunyamaza. Ni kosa yangu."

"Niko na batoto babili juu yake sasa hivi!"

"Ubaangalie na macho yako."

Simu ikakatika. Adelaïde hakulala mpaka ujumbe ulipoingia asubuhi: batoto bote bazima.

Akaubadilisha mchoro: alama sasa inasubiri mpaka upande wa kengele ujibu kwamba imefika. Akapima upya, safari hii akizipishanisha saa kwa kila namna. Kengele haikukosa hata mara moja.

Huko Kashuga, alipoiliza kengele ya kisanduku kilichorekebishwa mbele ya Damascène na Béata, Béata akamtazama.

"Rudilia," akasema.

Adelaïde akarudia, kisha tena, mpaka Béata akamlaza mtoto kando ya kisanduku.