Maumivu Yalipogeuka Ganzi

Mgongo wa mume wangu ulikuwa umemsumbua tangu mvua za masika. Yeye alikuwa fundi wa mawe, na wakati huo walikuwa wakijenga ukuta kule Kitisuru. Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka paja la kushoto hadi kisiginoni. Nilimkanda kwa maji moto, akameza dawa, akaendelea na kazi. Alisema hakuna fundi asiyeumwa na mgongo.

Jumapili moja asubuhi, nyumbani kwetu mtaani Satellite, alikaa chooni mpaka nikabisha mlango.

"Kuna nini, baba?"

"Mkojo hautoki. Tangu jana."

Alipofungua alikuwa ameinamisha kichwa. "Na nikijipanguza sisikii kitu. Huku chini kote kumekufa ganzi. Miguu nayo imelegea, yote miwili."

Ajabu ni kwamba maumivu yalikuwa yamepungua. Aliona ni nafuu, akataka twende kanisani.

Nilimpigia dada yangu, muuguzi anayeishi Kinoo. Hakuniacha nimalize.

"Akiguswa katikati ya mapaja anasikia?"

"Hasikii."

"Basi usingoje Jumatatu. Mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo imebanwa. Mpeleke hospitali kubwa sasa hivi, na uanze kwa kutaja mkojo na ganzi. Ukisema mgongo tu, watamweka kwenye foleni."

Jirani alitupeleka mjini kwa gari lake. Pale mapokezi nilisema yote kwa sauti, watu wakageuka kututazama, mume wangu akajifunika uso kwa kofia. Wahudumu waliacha kuandika, wakamwita daktari. Walimwekea mpira wa mkojo, wakampiga picha ya mgongo, na jioni akaingizwa chumba cha upasuaji. Gegedu la katikati ya pingili za uti wa mgongo lilikuwa limechomoka na kuibana mishipa.

Nilikaa kwenye benchi la korido nikiomba bila maneno.

Mpira alikaa nao kwa wiki kadhaa, kisha mkojo ukarudi taratibu. Mguu wa kushoto haujapona sawasawa. Anauburuta kidogo, na mawe habebi tena. Daktari alituambia kwamba tungechelewa, huenda mkojo usingerudi kabisa.

Siku moja, tukianika nguo, aliniuliza, "Pale mapokezi, hukuona aibu?"

"Niliona," nikamjibu. "Niliona sana."

Akachukua shati kwenye beseni, akanipa.